Maji ya Mtera, Jua la Ugogo

Namba inayotazamwa kuliko zote katika bwawa la Mtera ni 690. Hicho ndicho kina, kwa mita kutoka usawa wa bahari, ambacho maji yakikifikia mitambo ya kufua umeme haina budi kuzimwa. Bwawa likijaa pomoni husimama kwenye 698.5. Umeme wote wa Mtera, na sehemu kubwa ya ule wa Kidatu ulioko chini yake mtoni, umo ndani ya mita nane na nusu za maji yaliyotandazwa kati ya Ugogo na Uhehe, mahali ambapo jua huyala kutwa nzima.

Kutoka Dodoma mjini mtu hufika huko kwa barabara ya Iringa, kipande cha ile njia ndefu ambayo wakoloni waliipanga itoke Cape hadi Cairo. Gari likishaiacha Mlowa Barabarani na kuingia Fufu, kisha Chipogolo, nchi inafunguka: mibuyu iliyopukutisha majani, migunga, mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha vunwa, makorongo ya mchanga ambayo ramani huyaita mito. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kisicho na huruma. Kisha, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini, maji yanatokea upande wa kulia, mapana hadi upeo wa macho, na abiria wanageuza shingo, hata wale wanaoijua njia hiyo. Miti iliyozamishwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita bado imesimama ndani ya maji, mikavu, na ndege wametua juu yake. Kando ya barabara wanauzwa perege na kambale, wabichi, wa kukaanga na waliobanikwa.

Nililitazama ziwa hilo kwa muda mrefu, kwa sababu nilikwenda kutafuta jibu la swali moja: shirika la umeme la umma linapojitangaza kuwa rafiki wa mazingira, urafiki huo unapimwa wapi? Kwenye mitambo yake, au huku nje, kwenye mito, misitu na meko ya watu?

Bwawa la Mtera lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na hapo mwanzo halikuwa na mtambo hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuyaweka akiba maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo wakati wa masika ili Kidatu, kituo cha megawati 204 kilichoanza kazi mwaka 1975, kisikaukiwe wakati wa kiangazi. Mitambo miwili ya Mtera yenyewe, megawati 80 kwa jumla, ilikuja mwaka 1988. Tangu hapo tone moja la maji hufanya kazi mara mbili: linazungusha mtambo Mtera, linateremka mtoni, linazungusha mwingine Kidatu. Kwa miaka mingi vituo hivi viwili ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa gridi ya Taifa, na Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliweza kusema kwa haki kwamba sehemu kubwa ya umeme wake haitoi moshi.

Tatizo ni kwamba usafi huo uliegemea mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalishuka na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Mwaka 2006 hali ilirudi kwa ukali zaidi. Viwanda vilifanya kazi kwa zamu na madukani milio ya jenereta ikawa sehemu ya maisha. Mwishoni mwa 2023 mgawo ulikuwapo tena. Kila maji yalipopungua, pengo lilizibwa kwa gesi na kwa mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Dodoma yenyewe ilikuwa na mitambo ya dharura ya mafuta ya megawati 55, iliyofungwa na kampuni ya Symbion. Mafuta hayo yalitoka bandarini kwa malori, yakapanda hadi katikati ya nchi, yakachomwa chini ya mojawapo ya mbingu zenye jua jingi zaidi Afrika Mashariki. Jambo hilo lilipaswa kutushtua zaidi ya lilivyotushtua.

Maji yalikwenda wapi? Jibu la haraka lilikuwa ukame, na la pili lilikuwa wafugaji na wakulima wa mpunga wa Usangu, mamia ya kilomita juu ya mto. Jibu hilo la pili lilikuwa na matokeo mazito. Ruaha Mkuu, ambao haukuwahi kujulikana kukauka, ulisimama kutiririka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao kwenye bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi hiyo, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa zaidi ya muongo mmoja. Lakini watafiti waliozirudia hesabu za Mtera na Kidatu walionyesha kitu ambacho hakikupewa nafasi kubwa kwenye hotuba: jinsi maji yalivyokuwa yakifunguliwa bwawani, na kumwagwa bila kupita mtamboni, ilichangia upungufu wa miaka ya 1990. Familia zilihamishwa na ng'ombe wao kwa kosa ambalo sehemu yake ilikuwa katika chumba cha kuongozea mitambo. Nadhani hapo ndipo mazungumzo yoyote ya utunzaji mazingira ya TANESCO yanapaswa kuanzia, kwa kukubali kwamba shirika nalo ni mtumiaji wa mto kama mkulima, tena mtumiaji mkubwa.

Kwa sheria za maji za nchi, shirika hulipia maji linayotumia, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ndiyo inayosimamia mto huu. Fedha hizo zingeweza kufika mbali zaidi kama zingepanda mto kuwafuata wanaotunza vyanzo. Mfano wa kazi yenyewe hauko mbali. Katika vijiji vya Dodoma, tangu mwaka 2018, LEAD Foundation ya Mpwapwa imekuwa ikifundisha wakulima njia inayoitwa Kisiki Hai: badala ya kupanda mche mpya na kuumwagilia katika nchi isiyo na maji, mkulima anachagua kisiki kilichokatwa ambacho mizizi yake bado ina uhai, anapogoa machipukizi na kuacha machache yenye nguvu, anayawekea alama, na baada ya misimu kadhaa ana mti. Haigharimu karibu chochote isipokuwa panga na subira. Mizizi inashika udongo ambao bila hivyo ungesombwa makorongoni hadi kwenye mabwawa. Sijaona sababu ya shirika linaloishi kwa maji kutokuwa mshirika mkubwa wa kazi kama hii.

Nilirudi Dodoma na kupanda hadi Chimwaga. Kilima hiki kimeona mengi: mwaka 1995, katika ukumbi wake, chama tawala kilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa hapo. Kutoka juu unauona mji unavyomeza nyika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. TANESCO nayo ilihamishia makao yake makuu hapa. Wizara, hospitali, mabweni, viwanda vya tofali, visima vya Mzakwe vinavyosukuma maji ya mji: vyote vinadai umeme.

Umeme huo hupokelewa Zuzu, nje kidogo ya mji, katika kituo cha kupoza umeme ambacho watu wengi hupita bila kukitazama. Hapo inapita njia ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kwenda Singida hadi Shinyanga, urefu wa kilomita 670, na ndiko njia nyingine ya kilovoti 400 kutoka Chalinze imepangwa kufikia, ikileta nguvu za Bwawa la Julius Nyerere. Ukisimama chini ya minara ile unausikia umeme ukivuma. Naiweka Zuzu mbele kuliko jengo lolote jipya la jiji hili, kwa sababu kaskazini na magharibi ya hapa jenereta zimekuwa zikizimwa kadiri gridi inavyosogea. Kigoma ilipoanza kuunganishwa mwaka 2022, mitambo ya dizeli iliyokuwa ikinguruma kule kwa miaka ilianza kunyamazishwa. Kati ya hatua zote za shirika hili, kuzima dizeli za mikoa ya pembezoni ni ile ambayo faida yake haina ubishi: hewa safi, kelele kidogo, na fedha nyingi za mafuta kuokolewa.

Treni ya reli ya kisasa, SGR, ni sehemu ya hadithi hiyo hiyo. Tangu Julai 2024 abiria wanatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa umeme, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, safari ya chini ya saa nne ambayo kwa basi hula karibu siku nzima. Lakini treni ya umeme ni safi kwa kiwango cha usafi wa gridi inayoilisha, na gridi ya Tanzania ina gesi nyingi ya Songo Songo na Mtwara inayochomwa Ubungo na Kinyerezi. Kilichobadilisha uwiano huo ni mto Rufiji.

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya mto huo, lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla 2,115. Mkataba na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ulitiwa saini Desemba 2018. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Katika mwaka huo uwezo wa mitambo yote nchini ulivuka megawati 4,000, ilhali mahitaji ya juu kabisa yalikuwa karibu 1,900. Nchi iliyozoea mgawo ilijikuta ikizima baadhi ya mitambo kwa kuwa umeme ulizidi matumizi. Hayo ni mafanikio makubwa na nayasema bila kusita. Gharama yake nayo isemwe bila kusita. Bwawa limekaa ndani ya Selous, urithi wa dunia tangu 1982. UNESCO ilipinga ujenzi. Mwaka 2018 serikali ilitangaza zabuni ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2.6 katika eneo la kuzamishwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, wananchi wengi walilinyooshea kidole bwawa, na serikali ikasema chanzo ni mvua kubwa. Tena, maji ya Rufiji yanatoka kwa sehemu kwenye Ruaha hii hii na Kilombero. Usangu ikiugua, homa itafika hadi huko.

Kwamba shirika linaweza kujifunza, Kihansi imeonyesha, ingawa kwa bei ya kusikitisha. Kituo hicho cha megawati 180 kwenye milima ya Udzungwa kilianza kazi mwishoni mwa 1999 na mwaka 2000 kwa kuyachepusha maji ya maporomoko. Miaka michache tu kabla, mwaka 1996, wanasayansi walikuwa wamegundua kwenye bonde la maporomoko hayo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambaye aliishi tu ndani ya manyunyu ya maji yale, hapo na si kwingineko duniani. Maji yalipopungua, manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyiza yalifungwa bondeni; mamia ya vyura walisafirishwa kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, ikiwamo Bronx; mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vyake vilirudishwa Kihansi, na sehemu ya maji sasa huachwa ipite kwa ajili ya bonde. Tathmini ya mazingira ingefanywa kwa ukamilifu kabla ya zege kumwagwa, safari hiyo ya kwenda na kurudi Marekani isingehitajika.

Kaskazini magharibi ya Dodoma, barabara ya Manyoni inapanda kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na ukikaribia Singida upepo unakupiga kifuani. Ni upepo wa kweli, wa karibu mwaka mzima. Mipango ya mashamba ya upepo ya Singida, moja la megawati 50 na jingine la 100, imezungumzwa tangu miaka ya mwanzo ya 2010, kampuni binafsi zikitaka kujenga na TANESCO ikitakiwa kununua. Mazungumzo ya bei na dhamana yameila miaka hiyo. Wakati huohuo Kenya ilijenga shamba la upepo la Ziwa Turkana, megawati 310, na KenGen, kampuni ya kufua umeme ya huko, inafua umeme wa upepo pale Ngong tangu zamani. Upepo wa kibiashara wa Tanzania, ule wa Mwenga huko Mufindi ulioanza mwaka 2020, ni megawati 2.4. Nilipita Singida nikiwa na uchungu. Vilima vile vya mawe vinafanana na jukwaa lililokwisha pangwa huku wachezaji hawajaja.

Jua limepata bahati zaidi. Katika kijiji cha Ngunga, wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, TANESCO inajenga kituo chake cha umeme wa jua cha megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50, kwa mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mahali hapo pamechaguliwa vizuri: jua ni kali, ardhi ni tambarare, na njia ya kilovoti 400 iko karibu. Thamani yake kubwa kwangu iko Mtera. Paneli zikifua umeme mchana, milango ya maji inaweza kubanwa, na maji yakabaki bwawani kwa ajili ya saa moja hadi saa nne usiku, wakati nchi nzima inawasha taa, runinga na majiko. Kila saa ya jua la Kishapu ni maji yaliyoepushwa na ile namba 690. Ndiyo maana megawati 50 za jua zina uzito kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi, na ndiyo maana Ugogo, yenye jua la namna hiyo hiyo na kituo kikubwa cha Zuzu kikisubiri, inastahili kufuata bila kuchelewa.

Shinyanga ina somo la ziada. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha uoto katika mkoa uliokuwa umekatwa hadi kubaki mtupu. Wasukuma walirudia ngitili, desturi yao ya kufunga malisho wakati wa masika ili yatumike kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota upya. Miti hiyo sasa inatazamwa kwa macho ya tamaa na wachoma mkaa.

Hatua nyingine za shirika ni za kimyakimya. Nguzo za miti za mikaratusi kutoka Mufindi na Njombe, ambazo mchwa na moto wa mbuga huziangusha kila mwaka, zinabadilishwa kwa nguzo za zege kwenye njia muhimu. Transfoma za zamani zenye mafuta ya sumu aina ya PCB zinapaswa kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004 na ambao unataka kemikali hizo ziwe zimeteketezwa ifikapo 2028. Kazi hizi hazina picha za kupendeza, lakini mtoto anayecheza chini ya transfoma inayovuja anazihitaji.

Magunia ya mkaa ndiyo yaliyonifuata safari nzima. Yalikuwapo Fufu, yalikuwapo kwenye barabara ya Manyoni, na pale soko la Majengo, katikati ya makao makuu ya nchi, yanapimwa kwa kopo na ndoo mchana kutwa. Takwimu za serikali zinasema Tanzania hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na nishati ya kupikia ni miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilishaamriwa kuacha kuni na mkaa. Gesi ya mitungi ndiyo iliyotangulia. TANESCO, yenye umeme wa ziada kutoka Rufiji, nayo imeanza kuhimiza kupika kwa umeme, na majiko ya presha ya umeme huonyeshwa hata kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma: maharage yanaiva kwa chini ya yuniti moja.

Hesabu ya hilo jiko ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa yuniti bila kodi, mradi matumizi yake yasizidi yuniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila yuniti ya ziada ni shilingi 350, na akiendelea kuzidi huhamishiwa kundi la T1, ambako yuniti ni 292. Familia yenye taa, runinga na simu za kuchaji hutumia labda yuniti 30 hadi 50. Ikianza kupika kwa umeme itaongeza kama yuniti moja au mbili kwa siku, na hapo inaweza kuvuka 75 kabla mwezi haujaisha. Mama aliyetii wito wa kuacha mkaa anaadhibiwa na LUKU, mita yake ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na mwezi unaofuata anarudi Majengo na ndoo yake. Bwawa lenye megawati 2,115 limejengwa, nyaya zimefika vijijini kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, kuunganishiwa huko kumeshushwa hadi shilingi 27,000, na mstari wa yuniti 75 umebaki pale pale ulipokuwa wakati umeme ulikuwa haba.

EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, ina mamlaka ya kuusogeza mstari huo, au kuupa umeme wa kupikia bei yake. TANESCO ina kumbukumbu za kila mita ya LUKU nchini, na inaweza kuonyesha ni kaya ngapi zinakwama kwenye yuniti ya 74 na ngapi zingeweza kuendelea. Maombi ya kubadili bei hupelekwa na shirika lenyewe, na ofisi za wote wawili ziko hapa hapa Dodoma.